Ganzi ya Mahali, Sindano ya Mgongo au Nusu Kaputi: Ipi kwa Mama wa Visiwani?

Mama anayetoka Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate, kwenda kujifungulia Lamu mjini huwa amekwisha kupiga hesabu nyingi kabla ya kupanda mashua: maji yatajaa saa ngapi, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, utapitika au itabidi chombo kizunguke nje ya Manda, na nani atabaki na watoto. Jambo ambalo ni nadra kuingia katika hesabu hiyo ni ganzi. Huachwa mpaka mama yuko kitandani, uchungu umekolea, na mtu aliyevaa barakoa anamuuliza kama anakubali kudungwa mgongo. Na hapo ndipo mavyaa aliyesimama mlangoni anaposema, "Mwanangu, usikubali, mgongo hautapona tena," na mama hajui amsikilize nani. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya saa hiyo, ili uamuzi uwe umeshafikiriwa nyumbani, watu wakiwa wametulia.

Nimefanya ukunga visiwani na bara kwa miaka mingi, na wengi hunijia na swali moja: ganzi ipi haiumi? Ni swali la haki, lakini kwangu huja la pili. La kwanza ni namna kila ganzi inavyotenda pale jambo la nadra linapotokea: damu inapofunguka, kamba ya kitovu inapotangulia, au degedege linapomshika mama ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa akizungumza. Ganzi inayomfaa mama mmoja huweza kumponza mwenzake wa kitanda cha pili, kwa sababu dawa ile ile imewakuta katika hali mbili tofauti.

Ganzi ya kudungwa mahali penyewe

Hii ndiyo ambayo mama wengi wataipata, hata wale ambao hawatafika hospitali kubwa. Hutolewa mama anapoongezwa njia au anaposhonwa baada ya kuchanika. Dawa yake ni lignokeni, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren na kuanza kuuzwa mwaka 1948. Ikitolewa kwa kiasi chake haishushi presha, haimlazi mama, haihitaji mtaalamu wa usingizi, na huanza kufanya kazi baada ya dakika mbili tatu. Kwa kazi ya kushona, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Na hapa niseme wazi kwamba mama hapaswi kushonwa bila ganzi kwa kuambiwa kwamba pamekufa ganzi penyewe baada ya mtoto kupita. Utaratibu unaofundishwa na Shirika la Afya Duniani ni kudunga, kusubiri dakika mbili, kisha kupabana kidogo kwa koleo. Mama akihisi kubanwa, husubiriwa dakika mbili nyingine kabla ya sindano ya uzi kugusa ngozi.

Udhaifu wa ganzi hii uko katika tarakimu ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa chupa. Chupa ya asilimia 1 na chupa ya asilimia 2 huweza kukaa kwenye trei moja, dawa ndani ikiwa nyeupe kama maji katika zote mbili, na maandishi yake ni madogo kiasi kwamba chini ya taa hafifu usiku yanahitaji kusogezwa karibu na jicho. Lakini mililita moja ya asilimia 1 ina miligramu 10, na mililita moja ya asilimia 2 ina miligramu 20. Kiasi cha juu kinachoruhusiwa, dawa ikiwa haina adrenalini, ni miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mama; ikichanganywa na adrenalini, ambayo huifanya inyonywe polepole na damu, ni miligramu 7. Mama wa kilo 50, basi, mwisho wake bila adrenalini ni miligramu 200. Kiasi hicho ni mililita 40 za nusu asilimia, mililita 20 za asilimia 1, na mililita 10 tu za asilimia 2. Bomba lile lile la mililita 20 ambalo ni salama likijazwa kutoka chupa ya kwanza huwa ni mara mbili ya mpaka likijazwa kutoka chupa ya pili.

Haya siyasomi kitabuni pekee. Zamani, katika kituo ambacho nilikuwa mgeni, nilijaza bomba nikiamini ni asilimia 1, nami nilikuwa nimekwisha kudunga mililita 12 mama aliposema, "Mkunga, ulimi unakufa ganzi, na masikio yanavuma." Niliacha pale pale, nikaigeuza chupa, nikaona 2. Mama alikaa nusu saa akiwa na hewa ya oksijeni na mimi mkono wangu ukiwa kwenye mshipa wake, na dalili zikaondoka bila degedege. Tangu siku hiyo nusu asilimia ndiyo dawa yangu: mililita 10 za asilimia 2 nazichanganya na mililita 30 za maji ya chumvi ya dripu, napata mililita 40 ambazo hata zikiisha zote kwa mama wa kilo 50 bado ziko ndani ya mpaka. Kwa kuongeza njia, mililita 10 za mchanganyiko huo kwa kawaida hutosha.

Jambo la pili ni mkono kuvuta kabla ya kusukuma. Kila sindano inapobadilisha mahali, pistoni huvutwa nyuma kidogo. Damu ikionekana ndani ya bomba, sindano imo ndani ya mshipa na lazima itolewe. Kiasi kidogo cha lignokeni kikiingia moja kwa moja mshipani huweza kuleta degedege ambalo kiasi kikubwa chini ya ngozi kisingelileta. Mama anaweza kulishuhudia jambo hili kwa macho yake, na ana haki ya kuuliza.

Sindano ya mgongo

August Bier alidunga ganzi ya uti wa mgongo kwa ajili ya upasuaji mara ya kwanza mwaka 1898 huko Kiel, Ujerumani, na miaka miwili baadaye Oskar Kreis wa Basel akaitumia kwa akina mama waliokuwa wakijifungua. Leo ndiyo ninayoipendekeza kwa mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji ambao una nafasi hata ya dakika chache za kujitayarisha. Mama yuko macho, anapumua mwenyewe, anamsikia mtoto akilia, na dawa inayomfikia mtoto ni chache mno.

Dawa yake huwa bupivakeini nzito ya nusu asilimia, mililita 2 hadi 2.5, yaani miligramu 10 hadi 12.5. Linganisha na mpaka wa dawa hiyo hiyo ikidungwa chini ya ngozi, ambao ni miligramu 2 kwa kilo, sawa na 100 kwa mama wetu wa kilo 50. Katika mgongo hutumika kama sehemu ya kumi tu, kwa hiyo hofu ya dawa kujaa katika damu karibu haipo. Hatari inahamia kwingine. Mishipa ya miguu na nyonga hulegea, damu hutuama chini, na presha hushuka. Mama husikia kichefuchefu, midomo hupauka, na mapigo ya mtoto huweza kupungua. Kwa sababu hiyo mama halazwi chali kabisa: leso iliyokunjwa mara kadhaa huwekwa chini ya nyonga yake ya kulia ili tumbo liegemee kushoto na mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa, dripu huwa imeshaanza, na efedrini au dawa nyingine ya kuinua presha huwa tayari kwenye bomba. Presha inapopimwa kila dakika, mama asiudhike; ndiyo kinga yenyewe.

La nadra zaidi ni ganzi kupanda juu kupita kiasi. Mama huanza kusema vidole vya mikono vinawasha, kisha hawezi kuubana mkono wa muuguzi kwa nguvu, kisha sauti inakuwa ya kunong'ona. Mtu wa usingizi hodari humwambia mama tangu mwanzo, "Nibane vidole," na huendelea kumwomba hivyo. Ikitokea, husaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa mpaka dawa ishuke, na presha huinuliwa kwa dawa. Inatibika vizuri mahali ambapo mtu huyo yupo na vifaa vyake viko karibu, na ni kwa ajili hiyo sindano ya mgongo haifai kudungwa penye dawa na sindano lakini pasipo mfuko wa kupumulia.

Ajali nyingine ambayo familia haiwezi kuijua ni ya chupa kufanana. Asidi ya traneksami, dawa njema ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, huja katika chupa ndogo ambazo hufanana na zile za bupivakeini, na imewahi kudungwa mgongoni kwa makosa na kuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2022, likitaka dawa hiyo iwekwe mbali na trei ya ganzi. Kwa wenzangu wa kazi: isomwe kwa sauti, na mtu wa pili aisome pia.

Na lile onyo la mavyaa juu ya mgongo je? Mahali palipodungwa huweza kuuma siku chache, lakini uchunguzi umewalinganisha akina mama waliodungwa na wasiodungwa bila kuona kwamba sindano huleta maumivu ya mgongo ya kudumu. Mimba yenyewe, kubeba na kunyonyesha kwa kuinama ndivyo vinavyouma. Maumivu ya kweli yatokanayo na sindano ni ya kichwa: humshika mama anapokaa au kusimama, na kumwachia anapolala. Sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli hupunguza sana jambo hili. Likimpata, arudi hospitali. Asiambiwe ni upepo.

Nusu kaputi

Usingizi kamili una sifa moja ambayo nyingine hazina: huwa tayari kwa dakika moja mbili na hautegemei presha ya mama kuwa nzuri. Mama anayevuja damu nyingi, ambaye damu yake haigandi, au ambaye mji wake wa mimba umepasuka, hapaswi kudungwa mgongo, kwa sababu mwili wa mama anayevuja damu unaishikilia presha kwa kuibana mishipa, na ganzi ya mgongo itaifungulia yote kwa mara moja. Hapo ketamini, dawa ya usingizi ambayo kwa kawaida huiacha presha juu na pumzi ikiendelea, imewaokoa wengi. Kwa sababu hiyo hiyo haipendezi kwa mama mwenye presha kali ya mimba.

Gharama ya usingizi ni njia ya hewa. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi akina mama waliolazwa kwa dawa walivyovuta matapishi mapafuni, na mpaka sasa tumbo la mama mwenye uchungu huhesabiwa kuwa limejaa hata kama hajala tangu jana. Tunaopenda kumpa mzazi uji na tende ili apate nguvu tusijilaumu, lakini mtaalamu akiuliza mama amekula saa ngapi, aambiwe ukweli bila kuona haya.

Epiduro, ile ya mrija mwembamba unaoachwa mgongoni kupunguza uchungu kwa saa nyingi, huchukua dakika kama 20 kufanya kazi na huhitaji mtu wa kukaa na mama muda wote. Haipo kila mahali; anayeitaka aulize kliniki miezi mapema, na aulize hasa nani atakuwepo usiku.

Degedege: sumu ya ganzi au kifafa cha mimba?

Hapa ndipo kuchagua kunapokuwa kugumu, na dakika huwa chache. Mama amejifungua, anashonwa, na ghafla anakakamaa na kutikisika. Mambo mawili yanaweza kuwa yametokea, na yote mawili yanaua.

Sumu ya ganzi kwa kawaida huja ndani ya dakika chache za sindano, ingawa huweza kuchelewa dawa inaponyonywa polepole. Mara nyingi hutangulizwa na ulimi na midomo kufa ganzi, ladha ya chuma kinywani, masikio kuvuma, na maneno kuanza kupotea. Kifafa cha mimba hakingoji sindano. Hutanguliwa na presha ya 140 juu ya 90 au zaidi, kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu, na maumivu chini ya mbavu. Nacho huweza kutokea baada ya kujifungua pia, hasa katika saa 48 za mwanzo. Ndiyo maana presha iliyopimwa na kuandikwa kabla ya ganzi ina thamani kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote aliyekuwa chumbani.

Mwanzo wa tiba ni mmoja kwa yote mawili: sindano iachwe, msaada uitwe, mama ageuzwe ubavu wa kushoto, njia ya hewa isafishwe, apewe oksijeni. Baada ya hapo njia zinaachana. Kifafa cha mimba hutibiwa kwa magnesi salfeti: gramu 4 mshipani polepole, na gramu 5 katika kila tako. Inafaa kujua kwamba sindano hizo za takoni huchanganywa na mililita 1 ya lignokeni ya asilimia 2 ili zisiume sana, na kiasi hicho ni cha kuhesabiwa pamoja na kilichotumika kushonea. Degedege la sumu ya ganzi hutulizwa kwa diazepamu au midazolamu. Chanzo kisipojulikana, mwongozo ni kumtibu mama kana kwamba ni kifafa cha mimba, nami nauunga mkono, kwa kuwa ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi.

Tofauti kati ya lignokeni na bupivakeini huonekana wazi zaidi hapa kuliko mahali pengine. Lignokeni ikizidi, kwa kawaida ubongo hulalamika kwanza na moyo baadaye, na mkunga hupata onyo. Bupivakeini huung'ang'ania moyo. Degedege na moyo kusimama huweza kufuatana bila nafasi kati yake, na kuuamsha moyo huo huchukua muda mrefu. Daktari wa usingizi George Albright alilipigia kelele jambo hili mwaka 1979, na katika miaka ya 1980 bupivakeini ya asilimia 0.75 iliondolewa katika uzazi huko Marekani. Wako wanaopenda kushonea kwa bupivakeini kwa sababu hudumu saa nyingi. Katika zahanati ya kisiwani mimi naikataa: saa nne za ziada za kutohisi uzi hazilingani na moyo usiokubali kurudi.

Dawa ya kuurudisha ipo, nayo ni mafuta ya kudungwa mshipani ya asilimia 20, meupe kama tui zito. Daktari wa usingizi Guy Weinberg alionyesha faida yake kwa panya mwaka 1998, na mwaka 2006 ikaripotiwa kumwokoa mtu kwa mara ya kwanza. Huanzwa na mililita 1.5 kwa kila kilo ndani ya dakika moja hivi, yaani mililita 75 kwa mama wa kilo 50, kisha huendelea kwa dripu huku kifua kikikandamizwa. Na kama mtoto bado yumo tumboni, mtu mmoja husukuma mji wa mimba kushoto kwa mikono. Hospitali ikitoa bupivakeini kwa wingi, mafuta haya yanapaswa kuwa kwenye kabati la chumba hicho hicho. Familia inayochagua mahali pa upasuaji iulize kama yapo.

Dharura ambazo ganzi hufuata nyuma

Bega la mtoto likikwama, hakuna ganzi ya kuchagua. Ni magoti ya mama kuvutwa hadi tumboni na mkono kusukuma juu ya mfupa wa kinena, na ni dakika. Kondo la nyuma likibaki na mama havuji damu, sindano ya mgongo hufaa kwa kulitoa kwa mkono, akivuja, ketamini. Mji wa mimba ukigeuka nje, mara nyingi huhitaji usingizi wenye kuulegeza.

Kamba ya kitovu kutangulia kunahitaji neno zaidi kwa sababu ya bahari. Akiwa hospitalini, mtaalamu mzoefu huweza kuthubutu sindano ya mgongo iwapo mapigo ya mtoto yanaridhisha, la sivyo nusu kaputi. Akiwa Pate, kinachohitajika ni muda: mama apige magoti kifua kikiwa chini, na kwa safari ya mashua, kibofu kijazwe mililita 500 za maji ya dripu kwa mrija ili kichwa cha mtoto kiinuliwe kisiikandamize kamba. Mrija ufunguliwe kabla ya kisu.

Na pale upasuaji hauwezi kungoja wala mtu wa usingizi hayupo, upasuaji wa uzazi kwa ganzi ya mahali tu bado ni njia halali: lignokeni ya nusu asilimia iliyochanganywa na adrenalini, kiasi cha mililita 80 katika saa ya kwanza, ambazo ni miligramu 400. Kwa mama wa kilo 60 ziko ndani ya 420. Kwa wa kilo 50, ambaye mpaka wake ni 350, haziko, na inabidi zisizidi mililita 70. Daktari hukata taratibu na kuzungumza na mama wakati wote.

Mashua inapoondoka na mama wa rufaa, mwenye kumpeleka abebe karatasi yenye mambo haya hata kama hakuna jingine lililoandikwa: uzito wa mama kwa kilo, presha yake kabla ya ganzi, jina la dawa, asilimia yake, mililita ngapi, ilikuwa na adrenalini au haikuwa, saa ya sindano ya mwisho, na saa aliyokula. Iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, ifungwe kwenye pembe ya leso ya mama mwenyewe, maana mkoba huweza kubaki gatini.